Mwite Oyoo

Mwaka ule mashirika ya umma yalipoanza kuuzwa kama mitumba, Maige alipunguzwa kazi kiwandani pamoja na wenzake, na kitu pekee alichotoka nacho ni ulimi wake. Meza ilibaki, kompyuta ilibaki, hata kalamu askari aliichomoa mfukoni mwake pale getini. Ulimi hawakuukagua. Kwa ulimi huo na ufundi kidogo alifungua chumba Mabatini, mjini Mwanza, katikati ya kinyozi na muuza betri, akaandika juu ya mlango: MAIGE HASHINDWI.

"Kweli hujawahi kushindwa?" kinyozi alimwuliza.

"Mara nyingi mno," Maige alijibu. "Ndiyo maana nimegharamia rangi."

Mwaka 1998, mvua za El Nino zilipoanza kulegea, aliitwa kwenye kiwanda kimoja cha minofu ya sangara ukingoni mwa ziwa. Fundi wao, Oyoo, alikuwa amepotea majini. Alitoka na mtumbwi wa injini kupeleka kipuri cha mashine ya barafu kisiwani. Mawimbi yakaurudisha mtumbwi umepinduka, yeye hayakumrudisha. Walimtafuta, lakini majira hayo magugu maji yalikuwa yametandaza mkeka wa kijani juu ya mwalo wote, pale boti zinapoegeshwa, zikawa zinazunguka pale pale kama kuku aliyefungwa mguu. Mwisho waliokuwa wakitafuta walichoka, na waliokuwa wakingoja wakaendelea kungoja.

Oyoo aliacha mke, Atieno, aliyekuwa karani wa mapokezi pale pale kiwandani. Aliacha pia programu. Programu yenyewe ilikaa kwenye kompyuta ya ofisi ikionyesha joto la vyumba vya baridi vilivyohifadhi minofu, na dirisha lake kwenye skrini lilikuwa wazi siku zote, kama jicho la mlinzi ambaye kwa ajabu halali.

Sasa, msomaji, kama hujawahi kukaa mbele ya kompyuta usiogope. Maige naye alianza akiogopa. Kila dirisha la programu lina kipicha kidogo kwenye kona ya juu, upande wa kushoto. Ukikibonyeza, zinashuka amri chache: sogeza dirisha, likunje, lifunge. Hizo ni za Windows yenyewe, ndiyo mwenye nyumba. Lakini fundi akitaka anaweza kupachika amri yake chini ya zile. Anaipa jina na nambari. Mtu akiichagua, programu inaletewa nambari ile, kama mjumbe anayesema: huyu ameitwa, mnamjua? Kama ni ya kwako, unaifanyia kazi. Kama si ya kwako, adabu ni kuirudisha kwa mwenye nyumba. Ukijifanya bubu usiirudishe, dirisha litakugomea: halisogei, halikunjiki, halifungiki, mpaka uzime mashine nzima kwa aibu.

Oyoo alikuwa amepachika amri moja tu: Mwite Oyoo. Karakana yake ilikuwa ng'ambo ya uwanja, nyuma ya mashine za barafu zenye kelele, na makarani walikuwa wamechoka kukimbia na mvua kwenda kumwita. Ukiichagua amri ile, kengele ililia karakanani kwa waya uliotoka tumboni mwa kompyuta, na kwenye skrini kikafunguka kidirisha kidogo: "Nipo. Nakuja." Na alikuja kweli, bisibisi nyuma ya sikio kama seremala na penseli yake.

Tangu apotee hakuna aliyeigusa amri ile. Wala hakuna aliyethubutu kuifuta.

"Nataka amri nyingine pale pale," meneja, Bwana Kashindye, alimwambia Maige. "Vipimajoto vinaganda, namba hazibadiliki. Karani akibonyeza, mashine isome upya. Iweke kwenye kona hiyo hiyo, wameshaizoea."

"Na hii ya marehemu?"

Meneja alitazama dirishani, dirisha la ukweli, lenye nondo na vumbi. "Hiyo... utaona mwenyewe."

Atieno alikuwa nyuma yao na glasi ya chai aliyomletea mgeni. Aliiweka mezani taratibu.

"Fundi, mume wangu hajazikwa," alisema. "Kwetu vitu vya mtu ambaye hajazikwa havipekuliwi. Fanya kazi yako, lakini ya kwake usiifungue."

"Shemeji, mimi Msukuma wa Magu," Maige alisema. "Kwetu hata fimbo ya marehemu tunaipisha njiani. Nitapita pembeni, hata hatasikia nyayo zangu."

Alisema kwa utani, ila ahadi aliishika. Kurasa za programu ya Oyoo alizifungua kama mtu anayepita mbele ya watu wanaokula, macho juu. Aliona mstari mmoja tu uliomlazimu, ule ambamo Oyoo aliipa amri yake nambari: kumi na sita. Hakuuliza kwa nini mtu mwenye amri moja aanze na kumi na sita badala ya moja. Angeuliza kama angekuwa anapekua, na yeye alikuwa hapekui. Akaipa amri yake, Soma Upya, nambari kumi na saba, akaandika maelezo yake chini kabisa, mbali na ya mwenzake. Mabatini alikuwa ameijaribu kwenye programu yake mwenyewe, ikatii kama mbuzi wa sadaka. Pale kiwandani, kabla hajaijaribu, umeme ukakatika.

"Ukirudi, itumieni tu," alimwambia Selina, karani wa vyumba vya baridi. "Maige hashindwi."

Akaenda zake kula sato.

Umeme uliporudi, kipimajoto cha chumba cha pili kilikuwa kimeganda. Selina alishika mausi, akaenda kwenye kona, akachagua Soma Upya. Ng'ambo ya uwanja, ndani ya karakana iliyofungwa kwa kufuli, kengele ililia. Mbele ya macho yake kikafunguka kidirisha.

Nipo. Nakuja.

Selina hakupiga kelele. Aliinuka, akavua viatu, hata yeye hakujua kwa nini, akatoka nje peku mpaka kwenye kibanda cha mlinzi, akakaa.

Kutoka siku ile ofisi ilibadilika. Watu waliacha kuingia mmoja mmoja. Wachuna ngozi ya samaki, wanawake wasioogopa sangara mwenye uzito wa mtu mzima, walipita mbali na karakana wakiwa wameshikana mikono. Vipimajoto vilipoganda, meneja aliamuru amri ibonyezwe, na kila ilipobonyezwa, Oyoo aliitikia. Hakuna aliyekuwa amemwita. Waliomba kusomewa joto la samaki, akajibu yeye. Hilo ndilo lililowatia baridi: kwamba alikuwa amekaa karibu kiasi hicho, akisubiri jina lolote litajwe aitikie.

Ndipo Mama Akelo alipofika.

Alikuwa mama yake Oyoo, mwanamke mrefu kutoka mwambao wa Rorya, aliyeshuka stendi ya Buzuruga na kapu moja na neno moja. Wazee wa ukoo walikuwa wamekaa. Kwa Wajaluo mtu aliyemezwa na maji asionekane hazikwi hivi hivi; hutafutwa tunda la yago, lile refu zito linaloning'inia kwenye mti wake kama mtu aliyelala, nalo huzikwa mahali pake, kaburini pake, kwa machozi yake. Tunda lilikuwa limeshachumwa. Mazishi yalikuwa Jumamosi. Alikuja kumchukua mkwewe.

Atieno alikwenda naye ofisini kuaga. Wakati wanasalimiana na meneja, kipimajoto cha chumba cha kwanza kikaganda, na Selina, huku analia, akabonyeza. Kengele ikalia. Mama Akelo, aliyefundishwa kusoma na wamisheni, aliinama mbele ya skrini akasoma kwa sauti, neno moja moja, kama anayesoma Maandiko.

"Ni-po. Na-ku-ja."

Akaweka kapu chini.

"Nani ameandika?"

"Ni yeye, mama," Selina alisema. "Kila siku anasema hivyo."

Mama Akelo aliinuka polepole. "Basi rudisheni salamu nyumbani. Tunda likatupwe. Huwezi kuzika tunda badala ya mtu anayesema anakuja."

Kesho yake asubuhi Atieno alikuwa mlangoni kwa Maige, Mabatini. Hakuingia. Alisimama chini ya maneno yale ya rangi.

"Karibu, shemeji. Kama umekuja kunyolewa, ni mlango wa pili."

Hakucheka, na Maige akajutia mdomo wake, jambo ambalo humtokea labda mara moja kwa msimu wa pamba.

"Fundi, umeweka nini kwenye mashine ile?"

"Amri ya kusoma joto. Basi."

"Mbona anaitikia yeye?"

"Sijui."

"Tafuta ujue. Mama amekataa mazishi. Jumamosi ikipita wazee watatawanyika, na hawatakaa tena kwa ajili ya mtu mmoja." Sauti yake ilikuwa kavu. "Unajua mama amenikataza nini? Kulia. Anasema nikilia nitamkatisha njiani. Kanisani wananiuliza waniombee kama mke au kama mjane. Tangu mtumbwi urudi sijatoa chozi, fundi. Limekaa hapa." Alijigusa chini ya koo. "Nataka mume wangu azikwe nipate kumlilia. Nenda kamwambie mama kwamba ni mashine. Mwambie ni mashine tupu, hakuna kingine."

"Itabidi nifungue kazi yake. Niipekue."

Atieno aliangalia barabarani, ambako muuza maandazi alikuwa akipita na ndoo yake.

"Ipekue," alisema. "Nimekuruhusu mimi."

Maige alifika kiwandani mchana, anga limeshuka juu ya mawe ya ziwani mpaka ungedhani limekaa. Korongo walikuwa wamejipanga juu ya ukuta wa kutupia mifupa, mabega juu, kama wazee wa baraza waliochelewa kulipwa posho. Alitaka kwanza kuuona waya wote, kuanzia mwisho wake, kwa hiyo aliomba ufunguo wa karakana.

Ndani kulikuwa na harufu ya risasi ya kulehemia na ya mtu. Koti la Oyoo lilikuwa msumarini, mikono yake bado imekunjwa kwenye viwiko. Kikombe cha chai kilikuwa mezani, chai imekauka ikaacha duara jeusi. Redio iliyofunguliwa tumbo ilisubiri, na bisibisi ilikuwa ndani yake, kana kwamba mwenyewe ametoka nje kujisaidia tu. Kengele ilikuwa juu ya mlango, ndogo, ya shaba, kama ile ya baiskeli.

"Hodi, mwenzangu," Maige alisema kwa mzaha, maana ukimya ulikuwa umemzidi kimo. "Nimekuja kuangalia tatizo la jirani."

Ngurumo ikapiga juu ya ziwa. Taa ikazimika.

Alisikia mashine za barafu zikinyamaza, kisha jenereta likikohoa na kushika. Jenereta lile lilikuwa la vyumba vya baridi peke yake. Kiwandani pale samaki kwanza, watu baadaye. Karakana ikabaki giza, giza la alasiri lenye mvua, ambalo ni baya kuliko la usiku kwa sababu hukulitegemea. Mvua ikaanguka juu ya bati yote kwa pamoja.

Na kengele ikalia.

Fupi. Mara moja. Juu ya kichwa chake, kiasi kwamba aliisikia shaba ikiendelea kutetemeka baada ya mlio kuisha.

Maige hashindwi alitoka mle ndani akiacha kiatu kimoja. Alivuka uwanja kwenye mvua mpaka barazani kwa ofisi, ambako Selina, Atieno na Mama Akelo walikuwa wamesimama wote nje, wakiangalia mvua ikitembea juu ya magugu maji.

"Nani ameita?" alihema.

"Aite na nini?" Selina alisema. "Umeme si umekatika? Kompyuta imekufa. Mbona umepauka kama mnofu?"

Maige alichungulia ndani. Skrini ilikuwa nyeusi. Alitoa kicheko chake cha kawaida, kikatoka kimekunjamana.

"Nimeuliza tu," alisema. "Mvua inanipigia mluzi."

Mama Akelo alimtazama miguuni, kwenye mguu usio na kiatu.

Mvua ilipopungua Maige aliufuata waya wote kwa mkono, asione kasoro; umeme uliporudi alikaa mbele ya kompyuta, Atieno kwenye kiti cha pembeni, na kwa mara ya kwanza aliisoma kazi ya Oyoo yote, mstari kwa mstari. Ilikuwa kazi safi. Kila kitu kilikuwa mahali pake kama vyombo kwenye kichanja. Pale ambapo mjumbe wa Windows huleta nambari ya amri, Oyoo alikuwa hailinganishi nambari moja kwa moja. Kwanza aliikata mkia.

Maige aliusoma mstari ule mara ya pili, akaanza kucheka peke yake kwa sauti ndogo ya mtu anayeumia.

"Nini?" Atieno aliuliza.

"Mumeo alikuwa na adabu, shemeji. Mimi sina." Alichukua vifuniko vya soda kutoka kwenye kopo la taka akavipanga mezani. "Angalia. Amri zinazotoka kwenye kona hii, Windows ina tabia ya kuutumia mkia wa nambari, ile baki ukigawa kwa kumi na sita, kwa mambo yake yenyewe. Kwa hiyo fundi mwenye akili anaukata mkia kabla ya kuuliza nani kaitwa, na amri zake anazipa nambari za kurukaruka: kumi na sita, halafu thelathini na mbili, halafu arobaini na nane. Viti vya katikati ni vya mwenye nyumba, havikaliwi. Mumeo akakaa cha kumi na sita. Mimi nikaja na matako yangu nikakaa cha kumi na saba, bega kwa bega. Sasa ukiniita mimi, mkia unakatwa, kumi na saba inabaki kumi na sita. Na wa kumi na sita ni nani?"

"Oyoo."

"Anaitikia, maana amesikia ameitwa. Ningesoma ukurasa wake wa kwanza tu ningejua. Lakini niliogopa kumpekua mtu ambaye hajazikwa. Nikapita pembeni. Nikapita pembeni mpaka nikamkalia."

Atieno alivisogeza vifuniko vile kwa kidole.

"Kwa hiyo ni mashine," alisema.

"Ni mimi na mashine."

Aliihamisha amri yake mpaka thelathini na mbili, akaitengeneza programu upya. Kisha wakamwita Mama Akelo.

Mama Akelo alikataa kiti, akasimama nyuma ya Maige mikono mgongoni. Maige alimwamkia shikamoo kwa mara ya pili siku ile, akaitikia marahaba kwa uangalifu, kama anayepokea kitu ambacho huenda kina ufa. Fundi alibonyeza Soma Upya. Joto la vyumba likabadilika kwenye skrini, karakana kimya. Akabonyeza tena. Kimya. Kisha alivipanga vifuniko vya soda, akaeleza yote, jinsi alivyokaa kiti kisicho chake.

"Kwa hiyo mashine haikuwa na mtu," Mama Akelo alisema.

"Haikuwa naye, mama. Yale maneno aliyaandika zamani, akiwa hai, ili makarani wasilowe mvua. Kosa la kumwitikisha bila kuitwa ni langu. Nisamehe."

"Mtu anapotea, na wewe unakuja kumkalia."

"Ndiyo, mama."

"Huna hata haya."

"Nilikuwa nayo. Niliiacha karakanani pamoja na kiatu."

Midomo ya mama yule ilitaka kucheka, akaizuia. Atieno alivuta pumzi ndefu. Maige aliisikia ikitoka kwake polepole, kama mtu aliyekwisha kuiona nchi kavu. Ilikuwa imebaki kusema kwaheri tu, waende kuwahi basi.

"Na hakuna kilichobaki?" Mama Akelo aliuliza.

"Mama?"

"Umeeleza vizuri. Nimeelewa viti. Nakuuliza kama kila kengele iliyolia hapa inaelezwa na viti hivyo. Hakuna iliyobaki?"

Maige alimtazama Atieno. Atieno naye alimtazama, na macho yake hayakuficha ombi lake: *ni mashine tupu, hakuna kingine.* Neno dogo lilihitajika, na kama kuna mtu Mwanza nzima aliyejaliwa kulitoa neno dogo bila kutoka jasho, ni Maige. Alikuwa amewaambia wateja kwamba kompyuta zao zimelogwa na vumbi. Amewahi kumwambia mwenye nyumba kwamba kodi iko benki inapumzika. Ulimi ule haukuwahi kukaguliwa getini.

Aliufungua mdomo. Akahisi shaba ikitetemeka juu ya kichwa chake.

"Kuna moja," alisema.

Atieno alifumba macho.

"Leo, umeme ulipokatika. Nilikuwa karakanani. Ililia, mama. Kompyuta ilikuwa imekufa, nyinyi wote mlikuwa barazani. Nimeufuata waya wote kwa mkono, ni mzima, haujagusana na kitu. Ngurumo ilikuwa imepita. Hiyo moja sina kiti cha kuiweka."

Nje korongo mmoja alishuka ukutani kwa kishindo. Selina, aliyekuwa mlangoni, alivishika viatu vyake.

"Ililia vipi?" Mama Akelo aliuliza.

"Fupi. Mara moja. Kama mtu anayebisha hodi kwake mwenyewe, anajua mlango hauna mwenyewe mwingine."

"Wewe ukafanya nini?"

"Nilikimbia."

"Hukusema kitu?"

"Nilisema vingi, mama, lakini vyote vilikuwa vya miguu."

 Mama yule alikaa sasa, kwenye kiti alichokataa mwanzo, akaviangalia vifuniko mezani, akakichukua kimoja, kile cha kumi na sita, akakigeuza vidoleni.

"Oyoo hakuwa na uongo wa safari," alisema hatimaye. "Tangu mdogo. Akisema nakuja, anakuja, hata kama amechelewa mpaka ugali umepoa. Yale ya kwenye kioo ni ya kwako, fundi, nimekuachia. Lakini hii ya gizani ni ya kwangu. Alisema anakuja, na amekuja. Amebisha hodi mahali pake pa kazi, mvua inanyesha, akakuta mgeni anakimbia na kiatu kimoja." Aliinuka. "Nani amemwambia karibu?"

Akakirudisha kifuniko mezani.

"Mtu akibisha hodi asikaribishwe, atafanya nini? Atasimama nje. Atasimama mpaka lini?"

Alitoka. Walimfuata wote, hata meneja, hata mlinzi, wakavuka uwanja wenye madimbwi hadi karakanani. Mama Akelo alisimama ndani, akaugeukia mlango ulio wazi, akautazama uwanja, ziwa, na magugu yaliyofunika ziwa.

"Donji, wuoda," alisema kwa lugha yake, sauti ya mama aliyeko jikoni. Ingia, mwanangu.

Akangoja. Upepo mdogo ulipita, au haukupita. Hapo kila mmoja ana yake. Maige anasema mikono ya lile koti ilikunjuka. Selina anasema haikukunjuka, ni woga wa Maige.

Kisha Mama Akelo akainyooshea mkono kengele, akaifungua kutoka ukutani kwa bisibisi ile ile iliyokuwa ndani ya redio, akaifunga kwenye kanga yake.

"Tunda peke yake ni jepesi," alisema. "Hii itamwongezea uzito. Atieno, twende. Mazishi ni Jumamosi."

Atieno alipiga hatua moja, ya pili hakuifikisha. Akakaa pale pale kizingitini mwa karakana, kwenye saruji yenye maji, na kile kilichokuwa chini ya koo lake kikatoka. Alilia mpaka mashine za barafu zikaonekana kama zimepunguza kelele. Mama mkwe alisimama pembeni yake, mkono juu ya kichwa chake, hakumkataza.

Atieno alirudi kazini baada ya matanga, kichwa kimenyolewa, kitambaa cheusi begani. Maige alikuwa ameitwa tena kwa jambo dogo la mashine ya kuchapa. Akamwamkia kwa adabu aliyokuwa ameiazima wapi sijui.

"Pole, shemeji. Alizikwa vizuri?"

"Vizuri. Tunda lilikuwa zito kweli. Vijana wanne walilibeba wakabadilishana."

"Na ile amri? Bado iko pale. Nimeogopa kuigusa bila neno lako."

Atieno alisogea kwenye kompyuta. Akashika mausi mwenyewe, akaenda kwenye kona, akachagua Mwite Oyoo. Karakanani hakukulia kitu. Kwenye skrini kikafunguka kidirisha: "Nipo. Nakuja."

"Ameshafika," Atieno alisema, akakifunga. "Ifute."

Maige akaifuta. Pale kwenye kona ikabaki Soma Upya, peke yake, juu ya kiti cha thelathini na mbili. Kile cha kumi na sita alikiacha wazi. Meneja alimwuliza kama asingeweza kusogeza ya kwake ichukue nafasi iliyobaki, ili mambo yapangike. Maige akamwambia kwamba kuna mipangilio inayokuja kukuamsha usiku.

Alikuwa anafunga mfuko wake wa vifaa umeme ulipokatika. Selina, aliyekuwa katikati ya hadithi ya harusi ya dada yake, alinyamaza. Atieno aliinua kichwa chake kilichonyolewa. Maige alibaki na bisibisi mkononi.

Kengele haikuwepo tena. Ilikuwa Rorya, chini ya udongo, ndani ya kanga, na kila mtu mle ofisini alilijua hilo. Hata hivyo walisikiliza, wote watatu, nyuso zimeelekea karakanani, mpaka umeme uliporudi.